Umeacha nyama, au nyama imekuacha wewe?

Ilikuwa hitima, Makorora, Jumapili baada ya adhuhuri, na jua la Tanga mnalijua. Tumekaa watu watano kwenye mkeka kuzunguka sinia moja la pilau: mimi, vijana wawili ninaowajua kwa sura tu, fundi baiskeli wa mtaani, na mzee mmoja wa Barabara ya 12 ambaye sidhani kama kuna hitima ya mji huu imewahi kumpita. Si unajua utaratibu wa sinia. Nyama inakaa juu pale katikati, kila mtu anachimba upande wake, na nyama haiguswi mpaka mkubwa wenu aanze kuigawa. Mzee akawa anazichambua zile nyama kwa vidole vitatu, taratibu kama mtu anafumua uzi, anasukuma fungu huku, fungu kule. Fungu langu likaja. Nono, lina mafuta yake pembeni.

Nikalirudisha katikati. Kwa adabu kabisa, kwa mkono wa kulia.

"Mzee, mi nyama nimeacha."

Wale vijana mikono ikasimama hewani. Mzee akanitazama kidogo, kama anatafuta mimi ni mtoto wa nani.

"Umeacha nyama, mwanangu, au nyama imekuacha wewe?"

Sinia zima likacheka, mpaka sinia la jirani likacheka, na mimi nikacheka maana ungefanyaje. Nikamaliza wali wangu, nikanawa, nikaitikia dua, nikaondoka zangu.

Hii ni wiki ya tisa sasa na lile swali halijanitoka.

## Kidole

Turudi Januari. Usiku mmoja naamka saa nane hivi nadhani nimeng'atwa na kitu, nge au tandu, kidole gumba cha mguu wa kushoto kinawaka moto. Nawasha taa, hamna nge. Kidole kimevimba, chekundu, kinang'aa kama kimepakwa mafuta. Shuka ikigusa nasikia mpaka kwenye meno. Feni ikileta upepo nasikia. Mtoto akipita kwa kukimbia kule ukumbini, wallahi nasikia.

Asubuhi nikapelekwa kwa bajaji kwenye zahanati moja ya mjini, ndala mguu mmoja. Wakapima damu, asidi ya yuriki 9.1. Yule bwana aliyenihudumia wala hakuinua kichwa, akaandika dawa ya maumivu, akasema jongo hilo, acha nyama nyekundu, mwingine aingie.

Dakika nne. Nimezihesabu baadaye kichwani, hazifiki tano.

Kwa ambaye hajawahi kuonja (usitamani), jongo, au gauti kama wengi wanavyoita, linatokana na hiyo asidi ya yuriki. Kuna vitu vinaitwa purini, vimo kwenye vyakula vingi na vimo kwenye mwili wako mwenyewe, vikivunjwa vinaacha hiyo asidi, figo ndo inatakiwa kuitoa kwa mkojo. Ikizidi kwenye damu inaganda kuwa vichembe vyenye ncha kama sindano na vinapenda kukaa kwenye maungo yaliyo mbali na joto la moyo, ndo maana kidole gumba cha mguu kinaonewa sana. Mwili ukiviona unadhani umevamiwa, unaanza vita. Hayo yote sikuambiwa siku ile. Niliambiwa acha nyama.

Basi nikaacha nyama.

## Wiki kumi na mbili za kujisifu

Kazi yangu ni ya makaratasi ya mizigo bandarini, na asubuhi za kazi hii zinaanzia kwenye supu. Makongoro, chapati mbili, ndimu, pilipili, stori za meli gani imeingia na kontena la nani limekwama. Miaka kumi na moja mimi ni mtu wa kile kijiwe. Kwa hiyo nilipotangaza pale kwamba mimi na nyama basi, ilikuwa kama nimetangaza talaka.

Wakauliza umekuwa Msabato? Nikasema hapana, afya. Nikapenda sana lile neno mdomoni. Afya.

Na wiki tatu za mwanzo kweli niliona tofauti, au nilitaka kuiona, sijui. Kidole kimetulia. Usingizi wa mchana umepungua. Choo, samahani kwa wanaokula huku wanasoma, kikawa cha uhakika kama adhana. Tumbo lenyewe lilipiga ngoma mwezi mzima kwa sababu ya maharage mpaka mke wangu akahamia upande wa dirishani, ila hilo likaisha lenyewe, tumbo lilizoea.

Sasa ngoja niwaambie nilikuwa nakula nini, maana humu ndimo mambo yote yalipo.

Asubuhi mbaazi za nazi na maandazi matatu, wakati mwingine manne, na chai ya sukari vijiko vitatu. Saa nne juisi ya miwa, ile ya kukamuliwa na ndimu na tangawizi, glasi mbili kwa sababu ya joto, na mtu unajiambia hii si soda, hii ni muwa, ni asili. Mchana wali maharage. Jioni ndo palikuwa patamu. Dagaa mchele wakavu, wanaoshwa maji ya moto, wanakaangwa mpaka wanalia sauti kwenye sufuria, kitunguu kingi, pilipili ya kuwasha, ndimu unakamulia mwisho wakiwa wameshatoka motoni, na bada pembeni, ule ugali wa makopa ya muhogo. Wageni wanaikimbia bada kwa rangi yake, sisi wa huku makopa tumelelewa nayo. Nilikuwa nakula bakuli zima la wale dagaa. Kila jioni, kama si kila jioni basi tano katika saba. Ramadhani ikapita humohumo, futari za mihogo ya nazi na tambi za sukari, Idi nikala wali wa samaki, na mzani wa pale duka la dawa ukasoma kilo 87 kutoka 84.

Nikasema mzani mbovu.

Wakati huohuo nimegeuka mhubiri. Kwenye grupu letu la WhatsApp mtu akirusha picha ya mishikaki mi nakuja na somo. Siku moja nikarusha ile habari kwamba nyama inaleta saratani kama sigara, watu wakaogopa, nami nikajisikia vizuri. Baadaye nikaenda kuisoma vizuri na aibu ikanishika. Ni kweli Oktoba 2015 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani, ule wa Lyon kule Ufaransa, uliita wataalamu 22 wakapitia tafiti zaidi ya 800. Nyama za viwandani, soseji, bekoni na wenzake, wakaziweka kundi moja na sigara. Nyama nyekundu ya kawaida wakaiweka kundi la chini yake, la "huenda". Ila kundi linasema ushahidi una nguvu kiasi gani, halisemi hatari yake ni kubwa kiasi gani. Kwa hizo nyama za viwandani walisema gramu 50 kila siku, ambayo ni kama soseji moja hivi, zinapandisha hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18, na asilimia 18 ya kitu kidogo bado ni kitu kidogo. Sigara inaua kwa kiwango kingine kabisa. Nikarusha masahihisho kwenye grupu. Hakuna aliyejibu, ndo desturi, uongo unapata vidole gumba arobaini na masahihisho yanapata kimya.

Ndo hapo katikati hitima ikaja, na sinia, na swali la mzee.

## Dagaa

Siku tisa baada ya hitima, saa tisa usiku, kidole.

Kilekile. Mguu uleule. Mi sijagusa nyama tangu Januari.

Sitasahau jinsi nilivyokaa kwenye ukingo wa kitanda natazama ule mguu. Maumivu yapo, sawa, lakini kilichoniuma zaidi ilikuwa nimeonewa. Kama mtu amelipa deni na mdai amerudi na daftari lilelile. Na nikajua asubuhi kijiweni watasemaje, na walisema. Mmoja akasema mwili umeikosa nyama ndo umegoma. Mwingine akanisogezea bakuli la makongoro, eti rudi nyumbani mwana mpotevu.

Safari hii nikaenda kwa daktari mwingine, mama mmoja mtu mzima, mpole, miwani imeteremka puani. Nikamwambia nimeacha nyama miezi mitatu na jongo limerudi, kwa hiyo dawa zenu ni uongo. Nilikuwa na hasira, Mungu anisamehe.

Akasema, "Kaka yangu, sijakuuliza umeacha nini. Unakula nini?"

Nikamtajia. Mbaazi, akatikisa kichwa sawa. Maharage, sawa. Juisi ya miwa, akainua macho. Glasi ngapi? Mbili. Chai vijiko vingapi? Nikafika kwenye dagaa, akaweka kalamu chini.

"Bakuli?"

"Bakuli, daktari."

Akacheka mpaka akavua miwani.

Kumbe dagaa wamejaa purini kuliko steki. Samaki wadogo wanaoliwa mzima mzima, dagaa na jamii zao, wako daraja moja na maini na figo. Mi nilitoka kwenye makongoro nikaingia kwenye dagaa, ni sawa na mtu kahama nyumba yenye kunguni akabeba godoro. Alafu ile sukari. Sukari ya muwa nusu yake inakuwa fruktosi, na ini likishughulika na fruktosi linazalisha asidi ya yuriki hiyohiyo, soda na juisi tamu ni walewale. Bia sinywi, na kwa sababu hiyo nilidhani nimetoka kwenye hatari, kumbe muwa ulikuwa unafanya kazi ya bia.

Mbaazi na maharage je, nikauliza, maana mtandaoni wanasema maharage nayo yana purini. Akasema yanayo, ila ya mimea hayaleti matokeo yale. Akanitajia utafiti wa Marekani wa 2004, wanaume zaidi ya elfu 47 walifuatiliwa miaka 12: waliokula sana nyama na samaki walipata jongo zaidi, waliokula mboga na kunde zenye purini hawakupata zaidi, na waliokunywa maziwa walipata pungufu. Maziwa! Mji huu una kiwanda cha maziwa ambacho nchi nzima inakijua, mtindi unauzwa kila duka la mtaa, na mimi nakunywa muwa.

Nikamuuliza swali nililojua ndo la maana. Kwa hiyo nikirekebisha chakula nimepona?

Akasita. Akaniuliza, "Baba yako aliwahi kuumwa miguu?"

Hapo ndo stori yote niliyokuwa nimejijengea ilianguka.

Marehemu baba alifanya kazi shamba la mkonge miaka yake yote. Kila baada ya miezi kadhaa alikuwa anachechemea, wiki nzima yupo kwenye mkeka, bibi anampasha majani ya mbarika na kumfunga. Nyumbani tuliita baridi yabisi, kama tunavyoita kila kinachouma kwenye maungo. Nakumbuka kile kidole chake, kimeota kinundu. Na baba nyama aliila Idi, na akija mgeni. Basi. Jogoo mmoja kwa watu kumi na moja, baba anaachiwa shingo na mgongo kwa sababu alikuwa anatuachia mapaja sisi.

Kama nyama ndo mchawi, baba alirogwa na nini?

Daktari akanieleza kwamba sehemu kubwa ya asidi ile mwili unaitengeneza wenyewe, kama theluthi mbili hivi, na kinachobaki ndo cha chakula. Kuna watu figo zao zinaitoa polepole, wamezaliwa hivyo, na inatembea kwenye ukoo. Chakula kinasaidia, uzito ukipungua inasaidia, maji ya kutosha yanasaidia, lakini mtu wa 9.1 kushuka chini ya 6 kwa kubadilisha mboga tu ni nadra. Akanipa dawa ya kutuliza kwanza, akasema moto ukipoa tutaanza alopurinoli, kidogo kidogo tunapandisha, na ni ya kila siku, tena mwanzoni inaweza kuamsha jongo kabla ya kulituliza, usikimbie.

Kila siku. Mi niliyekuwa nawahubiria watu kwamba chakula ndo dawa.

Nilitoka pale nimenyamaza kama niliyetoka msibani.

## Damu ya Mama Rehema

Hii sehemu mwenyewe ameniruhusu kuiandika, ila ameisoma kwanza na amefuta mistari miwili.

Nilipoacha nyama, nyumba nzima iliacha. Sikumlazimisha mtu, ila mwenye kuleta nyama ni mimi, na mimi siileti. Watoto walikula mayai na samaki hawakulalamika sana. Mke wangu yeye dagaa hawapendi, samaki anakula kwa msimu, mayai yanamkinai. Kwa hiyo yeye miezi mitatu alikula wali, maharage, mchicha, kisamvu, matembele, na chai. Chai ya rangi kila baada ya chakula, kikombe kikubwa, ameikuta kwa mama yake na ataiacha kwa Rehema.

Akaanza kuchoka. Akipanda ngazi za ofisini kwao anasimama katikati. Usiku miguu haitulii. Nikamwambia kunywa maji (siku hizo nilikuwa na jibu la kila kitu). Akaenda kupima mwenyewe bila kuniambia, damu 9.8, na mwanamke asiye mjamzito inatakiwa isishuke 12.

Alirudi na karatasi akaiweka mezani juu ya bakuli langu la dagaa.

"Wewe uliacha kwa sababu ya kidole, Baba Rehema. Mimi nimeacha kwa sababu yako."

Hilo sikuwa na jibu lake.

Tulichokuja kujua ni hiki. Mwanamume mzima anahitaji kama miligramu 8 za madini chuma kwa siku, mwanamke anayepata hedhi anahitaji 18. Zaidi ya mara mbili! Chuma cha kwenye nyama mwili unakifyonza vizuri, cha kwenye mchicha na maharage unakifyonza kwa shida, na chai ukiinywa pamoja na chakula inakikamata hichohicho kidogo kabla hujakipata. Kwa hiyo yule mchicha tunaoambiwa tangu shule kwamba unaongeza damu, ni kweli unacho, lakini alikuwa anaukaribisha kwa mkono mmoja na kuufukuza kwa kikombe cha mkono mwingine. Ndimu kwenye mboga inasaidia, chungwa baada ya kula linasaidia, na Muheza ipo hapo jirani, machungwa yanaanguka tu. Alafu kuna vitamini B12, hiyo mboga haina kabisa, ipo kwenye nyama, samaki, mayai, maziwa. Ini linaweka akiba ya miaka, mtu asidhani ameshinda kwa sababu mwaka wa kwanza umepita salama. Anayeacha vyote vya mnyama inabidi ameze ya dukani, hapo hakuna ujanja.

Mke wangu anameza vidonge vya chuma, chai ameisogeza saa nzima mbele, na amerudi kwenye nyama. Mara mbili kwa wiki anajipikia kipande chake cha ini na kitunguu. Harufu ile inanifuata mpaka chumbani.

Nalala nayo.

## Hesabu

Sasa lile swali la mzee.

Umeacha nyama au nyama imekuacha. Mi nilivyolisikia pale kwenye mkeka, mbele ya watu, nililisikia kama ananiambia huna hela. Kwa Kiswahili chetu kitu kikikuacha maana yake kimekuzidi. Na nililikasirikia kwa siku nyingi, hasira ya kimyakimya ile ambayo unaoga nayo, kwa sababu, ngoja niseme tu, lilikuwa na ukweli ndani.

Januari ni mwezi wa ada. Rehema ameingia kidato cha kwanza. Siku tatu kabla ya kidole nilikaa na kalamu nyuma ya bahasha: kilo mbili za nyama kwa wiki, na buchani kwetu kilo imeshavuka elfu kumi, supu na chapati siku nne za wiki elfu tatu kila siku, jumla kama laki na thelathini kwa mwezi zinaingia kwenye ng'ombe. Nikaandika pembeni "punguza", nikapigia mstari. Bado ninayo ile bahasha.

Alafu kidole kikaja, yule bwana wa zahanati akasema acha nyama, na mimi moyoni nikashukuru. Nilipata sababu yenye heshima. Nani anataka kuwaambia wenzake wa kijiweni siwezi supu kwa sababu ya ada? Ila "afya", aa, afya inakupa hata nafasi ya kuwatazama wengine kwa huruma.

Sijui kama ningekuwa mhubiri vile kama hela ingekuwepo. Nimejiuliza sana. Na watu wangapi mji huu wameacha nyama bila kutangaza, hakuna anayewaita wana nidhamu, wanaitwa tu wana hali ngumu. Mama anayepika mchunga na tui jirani yetu pale hajaandika popote kwamba amebadili mtindo wa maisha. Wala sahani yake haina tofauti sana na ya kwangu ya sasa, tena yake tamu zaidi kwa sababu mchunga anaujua, ule uchungu anaubembeleza kwa chumvi na maji ya moto kwanza, mimi wangu bado unanikunja uso.

Sahani yangu ya sasa, kwa wanaouliza: mbaazi zipo, maandazi mawili, chai kijiko kimoja, mtindi glasi asubuhi na jioni, maji mpaka naudhika, mboga za majani na kunde kwa wingi, changu au kibua mara mbili kwa wiki kipande cha kiganja. Muwa siku ya Ijumaa, glasi moja. Dagaa nimewaacha na nawakumbuka kuliko nyama, hilo sikulitarajia. Kilo zimerudi 83. Kipimo cha mwisho kilisoma 6.4 na daktari akasema bado, tunapandisha dawa. Nyama nyekundu akasema hajanifungia mlango, kipande kidogo mara moja moja hakina neno, supu ya makongoro ndo nisiisogelee, maana purini zinayeyukia kwenye mchuzi na pale ndo nilikuwa naongeza bakuli la pili bure.

## Kawa

Idi ya kuchinja juzi ndugu zangu walichinja mbuzi, na mke wangu akagawa kama inavyogawiwa. Akafunga bakuli moja, nyama na mchuzi wake, akalifunika kwa kawa, akaniambia hili peleka unakojua, maana swali la mzee nilikuwa nimemsimulia mara ishirini mpaka amechoka.

Nikapanda baiskeli, bakuli mkono mmoja, Barabara ya 12. Mzee yuko barazani, wajukuu wanne au watano wamemzunguka. Shikamoo, marahaba, Idi Mubaraka, akanikumbuka. Akafunua kawa, akatazama ndani, akacheka, na ndo kwa mara ya kwanza nikamuona mdomo vizuri kwenye mwanga.

Hamna jino. Hata moja.

"Mwanangu, nyama umeniletea mie kibogoyo? Mie iliniacha zamani, mwaka lilipong'oka la mwisho. Siku ile ulivyosema na wewe, nikasema nimepata mwenzangu, kijana mzima, nikakuuliza. Hukunijibu."

Nilikaa pale kwenye baraza sijui hata nicheke au nifanyeje. Wiki zote zile. Bahasha, ada, hasira ya bafuni.

Yeye alishaendelea. Ameweka bakuli mapajani, anazichambua nyama kwa vile vidole vitatu, taratibu, anatoa mfupa, anatoa kano, anawawekea watoto mikononi kwa zamu, na mwenyewe anainua bakuli anakunywa mchuzi kidogo kidogo huku amefumba macho. Wa mwisho kwenye foleni nikawa mimi. Akaniwekea kiganjani kiuzi cha nyama, chembamba kama njiti ya kiberiti.

"Hicho hakihitaji meno."

Nikakila. Chumvi ilikuwa imezidi kidogo, lakini hilo sijamwambia Mama Rehema.